Taarifa za mteja wa benki: Haki ipo kwenye sheria, je, ipo dirishani?

Na Mwandishi Wetu

MVUVI wa Guta, wilayani Bunda, anayekwenda mjini kufungua akaunti ya benki huacha mezani kwa ofisa wa tawi mambo mengi kuliko anayomweleza jirani yake wa miaka mingi. Huacha namba ya kitambulisho cha Taifa, alama za vidole, picha, namba ya simu, jina la kitongoji anachoishi, chanzo cha kipato chake na jina la ndugu atakayetafutwa endapo yeye atakuwa hayupo.

Akirudi baada ya miezi kadhaa kuomba mkopo wa kununulia mashine ya boti au nyavu, huongeza mengine: anadaiwa na nani, ana wategemezi wangapi, nyumba na shamba lake vina thamani gani, wadhamini wake ni akina nani na wanapatikana wapi. Baada ya hapo kila shilingi inayoingia na kutoka katika akaunti huandika sehemu ya maisha yake, kuanzia siku alipouza samaki hadi siku alipolipa ada ya shule au matibabu.

Kwa miaka mingi mteja wa aina hiyo alikuwa na jambo moja tu la kutegemea, nalo ni uaminifu wa benki. Tangu Mei 1, 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, anacho kitu cha ziada. Ana haki anayoweza kuidai yeye mwenyewe, kwa jina lake, bila kusubiri hisani ya meneja wa tawi.

Swali linalobaki ni je, haki hiyo imefika katika dirisha la benki, na hasa katika kibanda cha wakala kijijini, au bado imelala katika vitabu vya sheria?

Kutoka siri ya benki hadi haki ya mteja

Wajibu wa benki kutunza siri za wateja si jambo geni. Chimbuko lake katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza ni shauri la Tournier dhidi ya National Provincial and Union Bank of England, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza na kuripotiwa mwaka 1924.

Katika shauri hilo, mteja alikuwa anadaiwa na benki yake kiasi kidogo, pauni 9, shilingi 8 na peni 6, na alikubali kulipa pauni moja kila wiki. Aliposhindwa kuendelea kulipa, meneja wa tawi alipiga simu kwa mwajiri wake kuulizia anwani, na katika mazungumzo hayo akaeleza kuwa mtu huyo ni mdaiwa na kwamba anashukiwa kucheza kamari. Mkataba wa kazi wa mteja huyo haukuongezwa.

Mahakama ilisema benki ina wajibu wa kisheria kutunza siri za mteja wake, na ikataja mambo manne tu yanayoweza kuifungua siri hiyo: amri ya sheria, wajibu kwa umma, maslahi halali ya benki yenyewe, na ridhaa ya mteja. Karne moja baadaye mambo hayo manne bado hutajwa mahakamani katika nchi nyingi zilizorithi mfumo huo, Tanzania ikiwa miongoni mwao.

Nchini, msingi mkuu umo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 nayo inazitaka benki kutunza usiri wa mambo ya wateja wao. Aidha, mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilipata kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha.

Hata hivyo, sheria hizo za kibenki zilimtazama zaidi mtunza siri kuliko mwenye siri. Zilieleza nini benki isifanye. Hazikueleza kwa upana mteja afanye nini anapotaka kujua benki ina habari gani juu yake, imezitoa wapi na imempa nani.

Hapo ndipo sheria ya mwaka 2022 ilipogeuza mambo. Inamtambua mteja kuwa mhusika wa taarifa na kumpa haki zinazotajwa moja baada ya nyingine: kujua taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani, kuzipata, kutaka zirekebishwe au zifutwe pale zilipo na makosa, kuzuia uchakataji unaoweza kumletea madhara, kukataa zisitumike kumtangazia biashara, kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee, na kudai fidia anapodhurika.

Jambo ambalo wateja wengi hawalifahamu ni kuwa sheria hiyo inaihesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa binafsi nyeti, katika kundi moja na taarifa za afya, za watoto na za alama za mwili. Kwa kawaida taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Kwa hiyo salio la akaunti si habari ya kutajwa kwa sauti mbele ya foleni.

Kijiji kidogo, madhara makubwa

Wapo wanaodhani kuwa faragha ni suala la wasomi wa Dar es Salaam na matajiri wenye akaunti nono. Hali halisi ya maeneo kama Guta inaonyesha kinyume chake.

Katika jiji lenye mamilioni ya watu, anayesikia salio la mteja dirishani huenda asimwone tena maishani. Katika kijiji cha wavuvi na wakulima wa pamba, anayesikia ni shemeji, mshindani wa biashara, mdai wa zamani au kijana asiye na kazi anayejua njia ambayo mwenye fedha hupita jioni. Habari ya mkopo uliokataliwa ikizagaa mwaloni, mchuuzi wa dagaa hukosa hata mali kauli aliyokuwa akipewa kwa kuaminiwa. Mjane aliyepokea mafao ya marehemu mumewe hujikuta akigombana na ukoo kabla hajaanza kuyatumia.

Sehemu inayohitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi ni uwakala wa benki. Tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa huduma hiyo mwaka 2013, mawakala wamewapunguzia wananchi wa vijijini safari ndefu na gharama. Mtu hahitaji tena kupanda gari hadi Bunda mjini kwa ajili ya kuweka au kutoa kiasi kidogo cha fedha. Hilo ni jambo jema lisilopingika.

Lakini wakala ni jirani. Kibanda chake mara nyingi ni duka la vocha na sabuni, na wateja husimama bega kwa bega. Mezani huwapo daftari la mistari ambamo kila mteja huandika jina, namba ya simu, kiasi na saini, chini kabisa ya jina la aliyemtangulia. Anayesaini anaweza kusoma ukurasa mzima, na wakati mwingine ukurasa wa juzi. Kwa mwanya huo matapeli hawahitaji utaalamu wowote wa kompyuta. Namba ya simu na kiasi alichotoa mtu asubuhi vinatosha kuandaa ujumbe wa kumlaghai jioni.

Benki haiwezi kunawa mikono kwa kusema kuwa wakala si mwajiriwa wake. Chini ya sheria, anayekusanya taarifa hubaki na wajibu wa kuhakikisha kuwa anayezichakata kwa niaba yake anazilinda. Daftari la wakala, kwa maana hiyo, ni jambo la benki.

Rekodi ya mkopo isiyoonekana

Eneo jingine lenye uzito ni rekodi za mikopo. Kwa kanuni za mwaka 2012, benki hupeleka taarifa za wakopaji katika kanzidata inayosimamiwa na Benki Kuu, na kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni huzitumia kuandaa ripoti zinazosomwa na mkopeshaji mwingine kabla ya kutoa fedha.

Mfumo huo una faida. Humzuia mdaiwa sugu asizunguke kutoka benki moja hadi nyingine, na humsaidia mlipaji mwaminifu kuonyesha uaminifu wake. Tatizo hutokea pale rekodi inapokuwa na kosa: mkopo uliokwisha kulipwa unaonekana bado haujalipwa, majina mawili yanayofanana yamechanganywa, au mdhamini ameandikwa kama mdaiwa.

Mkulima aliyekumbwa na kosa la namna hiyo hugundua akiwa amechelewa, wakati msimu umeanza na ombi lake limekataliwa. Mara nyingi huambiwa tu kuwa hajakidhi vigezo. Hapa haki ya kupata taarifa na haki ya kuzisahihisha zina thamani ya fedha taslimu, kwa kuwa kosa moja katika kompyuta linaweza kumnyima mtu pembejeo za mwaka mzima.

Mteja anayo haki ya kuuliza uamuzi wa kumkatalia ulitokana na taarifa gani, zilitoka wapi, na kutaka kosa lirekebishwe pale lilipoanzia. Kumwambia aende kuuliza makao makuu si jibu.

Funzo kutoka kwa wakopeshaji wa mtandaoni

Anayetaka kuona taarifa binafsi zikigeuzwa fimbo atazame biashara ya mikopo ya kwenye simu. Programu nyingi za aina hiyo humtaka mkopaji aruhusu zisome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake. Anapochelewa kulipa, ujumbe hutumwa kwa wazazi, wakwe, wakuu wa kazi na marafiki, wengine wakiambiwa kuwa ni wadhamini wa deni wasilolijua.

Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo bila leseni, ikiutahadharisha umma usiyatumie. Nchini Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, mmiliki wa programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 za nchi hiyo kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine kuwatumia ujumbe na simu za vitisho.

Zipo pia njia za zamani zisizohitaji programu yoyote. Wakopeshaji wa mitaani, wale wanaoitwa kausha damu, wamezoea kushika kadi ya benki ya mwalimu au muuguzi pamoja na namba yake ya siri, kama dhamana. Siku ya mshahara hutangulia wao kwenye mashine ya kutolea fedha. Mwenye akaunti husalimisha si fedha tu, bali historia yote ya mapato yake kwa mtu asiyewajibika kwa yeyote.

Somo la mifano hiyo ni kwamba aibu ndiyo silaha kuu ya anayeshika taarifa za mwenzake. Mteja anayeogopa kuaibishwa hulipa hata asichodaiwa, na hukaa kimya hata anapoonewa.

Haki yenye mipaka

Ni vyema ikaeleweka kuwa haki hii si ngao ya kufichia uhalifu wala ukwepaji kodi. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji Fedha Haramu ya mwaka 2006 inazitaka benki kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina uwezo wa kisheria kutaka taarifa za mlipakodi. Mahakama inaweza kuamuru nyaraka za benki ziletwe mbele yake.

Vilevile mteja hawezi kufuta rekodi ya deni analodaiwa kihalali, wala kukataa kutambulishwa anapofungua akaunti. Benki ina wajibu wa kumjua mteja wake na kuhifadhi kumbukumbu kwa muda uliowekwa na sheria.

Lakini mipaka hiyo nayo haina budi kuwa wazi. Mei 2024, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu ilibaini kuwa baadhi ya vifungu vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, vikiwamo vinavyoruhusu mkusanyaji kutofuata masharti katika mazingira fulani, vilikuwa na maneno mapana yasiyoeleweka na hivyo kukiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha.

Hukumu hiyo ina maana kubwa kwa mteja wa kawaida. Neno la sheria likiwa pana mno, kila ofisa hulitafsiri kwa namna inayompa nafuu yeye. Ombi la mteja hukataliwa kwa sababu za kiusalama au utaratibu wa ndani, bila kuonyeshwa kifungu chochote.

Namna ya kuidai

Njia ya kuidai haki hii si ngumu kama inavyodhaniwa, ila inahitaji maandishi. Malalamiko ya mdomo dirishani hayaachi alama, na ofisa aliyeyapokea anaweza kuhamishwa kesho yake.

Mteja anapaswa kuandika barua kwa meneja wa tawi, akitaja jambo moja au mawili mahususi: anataka nakala ya taarifa zake zilizopo, au anataka kujua zimepewa nani, au anataka kosa fulani lirekebishwe, au anataka jina lake liondolewe katika orodha ya wanaotumiwa matangazo. Nakala ya barua hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa na ibaki mkononi mwake. Sheria inazitaka taasisi ziwe na ofisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, hivyo mteja ana sababu ya kuuliza ofisa huyo ni nani na anapatikana vipi.

Asipojibiwa au asiporidhika, milango miwili iko wazi. Kwa masuala ya huduma ya benki lipo dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina tawi Mwanza. Kwa masuala ya taarifa binafsi ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, na yenye makao yake Dodoma. Tume inaweza kuchunguza lalamiko, kutoa amri na kutoza faini, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Adhabu zenyewe si za mzaha. Mtu binafsi anayefichua taarifa za mwingine kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kati ya Sh100,000 na Sh20 milioni, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa kati ya Sh1 milioni na Sh5 bilioni.

Kinachokosekana

Pamoja na uzuri wa sheria hiyo, kati ya Guta na Dodoma kuna umbali usiopimwa kwa kilomita pekee. Mwananchi anayepoteza siku nzima ya kazi kufuata barua yake Bunda mjini hana sababu ya kuamini kuwa barua ya pili, ya kwenda Dodoma, itajibiwa upesi zaidi. Wengi huishia kusema yaishe.

Zipo hatua zisizohitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila tawi liwe na fomu fupi ya Kiswahili ya kuomba au kusahihisha taarifa, ikae mezani pamoja na fomu za kuweka na kutoa fedha. Pili, daftari la wazi la mawakala liondolewe na badala yake kila muamala uandikwe katika karatasi yake, wateja wasisome habari za wenzao. Tatu, fomu ya kufungua akaunti itenganishe ridhaa: saini ya kufungua akaunti isihesabiwe kuwa saini ya kukubali matangazo ya bima, bahati nasibu na mikopo ya kampuni nyingine. Nne, anayekataliwa mkopo kwa sababu ya rekodi yake apewe rekodi hiyo papo hapo.

Benki nazo zina maslahi katika jambo hili. Tangu benki zilipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1991, Mtanzania hakuwa na pa kuchagua. Leo anayo benki ya jirani, simu, Saccos na kibubu chini ya kitanda. Mvuvi anayehisi kuwa siri yake haiko salama benki hatapiga kelele wala kuandika gazetini. Atazihamishia fedha zake mahali ambapo hakuna anayemuuliza maswali, na juhudi zote za kuwaingiza wananchi wa vijijini katika mfumo rasmi wa fedha zitakuwa zimepata pigo.

Wakati umefika kwa Tume na Benki Kuu kuyafikia matawi ya wilayani na vibanda vya mawakala, si kwa semina za maofisa pekee, bali kwa ukaguzi wa namna mteja anavyohudumiwa. Wateja nao wanapaswa kuanza kuuliza kabla ya kusaini: taarifa hizi ni za nini, nani mwingine atazisoma, na zikikosewa atasahihisha nani? Benki iliyojipanga itakuwa na majibu. Isiyo nayo itambue kuwa sheria inayoitaka iwe nayo ilianza kutumika mwaka 2023.